CPU ya Mzee Daimu

Zulfa, uko wapi? Mume wangu Ramson kapigwa! Kapigwa dukani kwake, hapa hapa Songea mjini, nusura wamchome moto!

Kisa kompyuta. Mzee Daimu wa Namtumbo alipewa na mwanawe lile likompyuta la mwaka tisini na tisa, kioo na mashine kitu kimoja, akalituma kwa Ramson litengenezwe. Leo kaja kulichukua. Kaliangalia, kainama mpaka chini ya meza. "Hii tivii. CPU yangu iko wapi?"

Ramson akaligeuza, akamsomea kibandiko cha nyuma. RAM 64, diski giga sita. "Mzee, vyote vimo humu humu."

Mzee akamkaba koo. "Za ofisi ya kata zote zina boksi pembeni! Mwizi!"

Unajua hilo neno likishatamkwa. Watu wakajaa. Ngumi, mateke, mmoja kaja na tairi. TAIRI, Zulfa! Ramson yuko chini, damu zinamtoka mdomoni, bado anasema, "Giga sita, mzee, haki ya Mungu giga sita!"

Mzee akalinyanyua likompyuta lenyewe, kilo kumi na saba, amponde nalo kichwa. Ramson akajiviringisha, likapasukia sakafuni. Kioo kikalipuka kama bomu, watu wakatawanyika. Diski ikateleza mpaka miguuni kwa mzee.

Ramson, meno mawili hana, akainyooshea kidole. "Hiyo hapo."

Mzee akaiokota, akaigeuzageuza, akampa. "Kumbe CPU ilikuwemo. Haya, irudishe ndani upesi, nawahi basi la saa tisa."