Safari ya Kaole na Kondo

Kambi ya Barabara, Kibaha
Jumatano

Kwa dada yangu mpenzi Nyamizi,

Shikamoo dada. Barua yako niliipata, pembe moja imelowa kana kwamba waliivusha mtoni, lakini maneno yote yalisomeka. Nimefurahi kusikia goti la mama limepoa na mahindi safari hii yameota. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, hilo usimwambie mama, ila kula nakula. Tunatengeneza barabara kutoka hapa kuelekea Mlandizi, na vumbi lake tunalimeza pamoja na ugali. Nikirudi Tabora, nusu ya barabara ya serikali itakuwa imo tumboni mwangu.

Barua hii isome kwanza peke yako. Mama akiuliza nimeandika nini, mwambie habari za safari. Si uongo.

Unamkumbuka Kondo niliyekuandikia habari zake, yule Mzaramo wa Kibuta, upande wa Kisarawe, anayetuletea mananasi kambini kwa baiskeli? Yule aliyekuwa askari wa keya pamoja na kaka Maganga huko Bama, wakati wa vita na Wajapani. Siku ya kwanza aliponisikia nikizungumza aliangusha kikapu akapiga kelele, "Mnyamwezi! Nani kakufungua kamba?" Tangu siku hiyo hatujapumzika. Watani ni watani. Amemtukana baba, amemtukana babu, amesema wazee wetu walibeba pembe za ndovu miezi mitatu hadi pwani kwa kuwa hakuna aliyewaambia watue. Nami sikumbakizia kitu. Lakini nikimuuliza habari za Maganga, hapo hapo anakumbuka kwamba mananasi yanaharibika na jua. "Tulipotezana mtoni." Miaka miwili jibu ni hilo moja, sawasawa na ile karatasi ya serikali iliyosema kaka amepotea.

Mwezi huu akaja mikono mitupu. Akaniambia kwamba walipokuwa Dar es Salaam wakingoja meli, yeye na Maganga waliomba ruhusa ya siku moja wakaenda Kaole, kule kwenye magofu ya watu wa kale karibu na Bagamoyo. Wakawasha ubani kwenye kaburi moja, wakaweka nadhiri kwamba wakirudi watakuja pamoja na kitambaa cheupe.

"Mimi nimerudi, na nadhiri bado iko shingoni," akasema. "Siwezi kwenda peke yangu. Damu yake hapa ni wewe."

Nilikubali, dada, wala si kwa ajili ya ubani. Nilitaka Kondo anifungulie kinywa, nijue kaka yuko wapi, ili mama aache kutoka nje kila garimoshi linapopiga kelele stesheni.

Kupanga safari yenyewe kulitugombanisha kuliko utani. Siku yangu ni Jumapili tu, na Jumatatu alfajiri nyapara anaita majina. Kondo alitaka tuzungukie Dar es Salaam, maana basi la Bagamoyo lina saa zake. Nikamwambia lina saa zake na nauli yake pia, na mimi si karani. Madereva wa barabara hii nawajua wote, wakikwama tunaowasukuma ni sisi. Kuna lori la chumvi linaloshusha mzigo hapa Kibaha Jumamosi na kurudi tupu Bagamoyo Jumapili asubuhi. Dereva akakubali kutuchukua kwa thumni kila mmoja, juu ya magunia. Kurudi, tungepanda basi dogo la saa nane. Nauli hiyo ya kurudi niliifunga kwenye kitambaa nikaitia mfukoni, tusije tukaila. Kondo alete mihogo ya kuchemsha, mimi nilete samaki wa kukaanga, na maji tubebe kwenye chupa yake ya jeshi. "Mnyamwezi akipanga safari," akasema, "hata nzi wake anakwenda kwa miguu." Ulikuwa utani wake wa mwisho kwa siku nyingi.

Jumamosi akalala kambini. Asubuhi tukaondoka mapema, tukalidaka lori. Chumvi iliyobaki kwenye magunia ikaingia kwenye malengelenge ya mikono yangu, nikawa napiga kelele, na Kondo akaangalia barabara. Mzaramo anamwona Mnyamwezi anaungua kwa chumvi na hasemi neno! Nikamchokoza kwa mama mkwe wake, nikamchokoza kwa mguu wake wenye kovu. Hata hakugeuka. Kitambaa cha nadhiri alikuwa amekishika mapajani. Alikinunua mara alipotoka vitani, na kwa kukaa sandukuni kimekuwa rangi ya chai ya maziwa.

Kutoka Bagamoyo mjini ni mwendo wa saa moja hivi, unapita mashamba ya minazi. Usifikiri Kaole ni mji, dada. Ni kichaka chenye kuta. Msikiti hauna paa, mizizi imeingia mpaka kwenye kibla. Makaburi yana nguzo za mawe ndefu kuliko watu wawili, na juu yake kuna vishimo vya mviringo ambamo zamani vilipachikwa vibakuli vya Kichina. Vingi vimeng'olewa. Hakukuwa na mtu, na jua lilikuwa kali kabisa, lakini nilijiona nimeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Kondo akaniambia nikae pale penye kivuli, naye akaenda nyuma ya kaburi kubwa kuwasha ubani. Nikafungua mihogo. Moshi ukanifikia. Kisha nikasikia mtu akisafisha koo, mara mbili.

Unajua ni nani aliyekuwa akisafisha koo mara mbili kabla ya kusema lolote, hata kuomba chumvi. Akatokea kati ya nguzo, kofia ya jeshi imelalia sikio, mkono wa kushoto umeshika kiwiko cha kulia nyuma ya mgongo, anakuja polepole akiitazama miguu yake.

"Kijiko," akasema. "Umeshakula?"

Jina hilo la utotoni pwani nzima hakuna alijuaye. Nikasimama, mihogo ikamwagika. Nikasema, "Naam, kaka." Nilikuwa nakwenda kumkumbatia. Nilikuwa nataka kumgombeza kwa nini hakuandika. Sijui ilikuwa kitambo gani, lakini katika kitambo kile Maganga alikuwa hai mbele yangu mchana kweupe, na tangu nizaliwe sijafurahi vile.

Ndipo nikauona mguu wenye kovu.

Kondo hakuacha. Akaja mpaka penye njia, akajilaza chali kuikata, mikono kifuani. "Sitoki hapa," akasema kwa sauti ile ile ya kaka. "Nilipe nitoke, maiti ipite."

Ulikuwepo babu alipokufa, dada. Uliwaona watani walivyolala mbele ya jeneza. Mtani haigizi hivyo mtu aliye hai, hana ruhusa hiyo. Miaka miwili Kondo alinitukania ukoo mzima akamruka Maganga peke yake, nami nikadhani ni heshima.

Nikapiga magoti. "Lini?"

"Kule kule mtoni." Sasa ilikuwa sauti yake mwenyewe. Alikuwa bado amelala, macho juu. "Hatukupotezana. Alipigwa tumboni, akakaa siku mbili, akizungumza habari zenu. Nilimchimbia kwa bakuli langu la kulia. Karani aliyekuwa akiandika majina ya waliokufa naye hakurudi. Nilishindwa kukuambia, Mnyamwezi. Mdomo wangu kwako unajua kutukana tu. Nikasema nitafanya kazi ya mtani, utaelewa."

Nikafungua kile kitambaa cha mfukoni nikamwekea kifuani nauli yote ya kurudi. Akainuka. Tulilia, sikufichi. Kisha tukatandika ile nguo ya nadhiri juu ya kaburi, tukamsomea Fatiha, na mihogo tukaiokota tukaila, maana njaa haijui msiba. Fedha ya mtani hairudishwi, kwa hiyo basi la saa nane alinilipia Kondo, na njia nzima akawatangazia abiria kwamba amemwokota Mnyamwezi fukara porini. Nilimshukuru moyoni kwa kelele zile.

Tangu siku hiyo nafanya kazi kama kawaida. Ila mtu akisafisha koo nyuma yangu, sigeuki.

Nisalimie mjomba Kasanda na shangazi wa Sikonge. Msalimie shemeji, nasikia ameezeka nyumba kwa mabati, basi mvua ikinyesha msigombane, hamtasikizana. Wabusu watoto. Mama mpe shikamoo yangu.

Sasa neno lenyewe. Matanga lazima yawekwe, nami nitaomba ruhusa nije. Mjomba ndiye amwambie mama, mchana, akiwa ameketi. Watani watakuja, ni haki yao. Waache walale njiani, watukane, wabebe kuku. Lakini lile shati la mistari la Maganga, ambalo mama huliweka kwenye sanduku lake, liondoe kabla hujamwita mtu yeyote. Lichome, dada. Asipatikane mtani wa kulivaa na kupita nalo uani. Mimi macho yangu ni mazima, si kama ya mama, na nilimwitikia. Mama ataitika, na hakuna atakayeweza kumwambia kwamba si yeye.

Ni mimi mdogo wako,
Salum