Zamu Amepata Ng'ombe, Papa

Goma, Jumapili, mwezi wa nane

Papa,

Nimekaa juu ya jiwe nje ya hema letu la kambini, upande huu wa ziwa Lac Vert, ninakuandikia kwenye karatasi niliyoichana katika daftari la mtoto. Nilitaka kuanza na habari za Mama, lakini najua wewe ungeulizia mbwa kwanza. Ulikuwa hivyo tangu kwetu Masisi. Ukirudi safarini ulisalimia zizi, ukasalimia mbwa, ndipo ukatugeukia: "Na nyinyi wengine, muko?"

Basi. Zamu yuko hai. Amepata ng'ombe.

Sijui kama utafurahi. Soma mpaka mwisho.

Kaburi lako halikwenda chini sana. Ardhi ya hapa unaijua, ni mawe ya volkano tu. Wanaume walipiga kwa chuma mpaka viganja vikatoka damu, wakasema inatosha, tukakurundikia mawe juu. Watu walidhani Zamu atalala pale akuomboleze. Hakulala. Alinusa mawe, akaona hapana ng'ombe, akarudi njiani kutungoja.

Siku zako za mwisho, kuhara kulipokukausha, hukutuachia maneno mengi. Nilikaa karibu na mdomo wako nikingoja neno langu, mimi Furaha, mtoto pekee uliyebaki naye baada ya wenye bunduki kuchukua ng'ombe na kaka zangu siku moja. Ulisema tu, "Musimufunge Zamu kamba. Mumutafutie ng'ombe." Kisha ukaomba maji, na maji hayakukaa tumboni. Sikukasirika. Labda kidogo.

Nakumbuka ulivyomchagua Zamu. Mama yake, wa ukoo wa wale mbwa wa shamba la Wazungu ulikojifunza kazi ukiwa kijana, alizaa watoto wengi chini ya ghala. Ulingoja watembee vizuri, ukawabeba kwenye kikapu, ukawamwaga mbele ya Bihogo, yule ng'ombe mwekundu wa Mama, alipokuwa amelala anacheua. Wengine walibweka. Wengine walikimbia. Mmoja alitambaa mpaka puani kwa Bihogo, akanusa pumzi yake, akalala hapo hapo. Huyo ulimnyanyua. Waliobaki uliwatia kwenye gunia pamoja na jiwe, ukaniambia nishike mdomo wa gunia mpaka mtoni. Nililia njia nzima. Ulinipangusa uso kwa mkono ule ule, ukasema mbwa anayebweka ndiye wezi wanampiga risasi kwanza, na baada yake mwenye ng'ombe. Ulisema afadhali wafe kwa maji.

Kisha ukanifundisha kumtunza huyo mmoja. Kumchana kwa gunzi la hindi. Kumtoa kupe kwa tone la petroli kwenye kidole. Kumkata kucha zisije zikashika kwenye majani. Kumpaka siagi ya ng'ombe wetu kifuani na nyuma ya masikio, ili wamjue naye awajue. Mikono yangu ilinuka siagi hata shuleni, na wenzangu walisogeza madawati.

Halafu siku ya josho. Wafugaji wa vilima vyote walitelemsha ng'ombe kuwaogesha dawa, na walipotoka majini walichanganyika, wamelowa, wote wananuka dawa moja. Hapo ndipo wanaume walionyesha mbwa wao. Mbwa wa wenzako waliuma visigino, ng'ombe wakarukiana, watu wakatukanana. Wewe ulivaa koti lako la misa, ukapiga mluzi mmoja mfupi. Zamu aliingia tumbo karibu na ardhi, akawatoa wetu mmoja mmoja, hakumgusa hata mmoja kwa meno. Jirani yetu akakutania: "Muzee, huyu atakutengea hata bibi yako ku soko." Ulicheka mpaka ukakohoa. Sijawahi kukuona mzuri kama siku zile.

Tulipokimbia, Zamu alitembea nasi mpaka Sake, halafu mpaka hapa, akigeuka nyuma kila wakati kuona kama ng'ombe wanakuja.

Baada ya kukuzika, mbwa wa watu wengine alimuuma mtoto wa hema la jirani. Komite ya kambi ikasema mbwa wote waondolewe, wasipoondolewa watapigwa rungu. Vijana wakaanza kazi hiyo siku ile ile, na walikuwa wanacheka. Nilimfunga Zamu kamba, Papa. Nilimficha ndani ya hema, chini ya kitanda cha Mama. Hakubweka. Aliitafuna kamba polepole huku ananitazama.

Nilimpeleka mtaa wa Himbi kwa mzee mmoja mwenye nyumba ya ukuta mrefu, niliyesikia anatafuta mbwa wa kulinda. Mlinzi wake alimpiga Zamu teke la mbavu kuona kama atauma. Zamu alikaa chini. Alimpiga tena, kwa fimbo, mdomoni. Zamu aligeuza kichwa upande, kama anamwonea haya yule mtu. Mwenye nyumba alicheka kwenye baraza. "Mama, hii ni mbwa ao ni mamasera, mutawa wa ku kanisa?" Wakafunga geti. Nilimpangusa damu kwa kitenge, tukarudi kwa miguu.

Ndipo nikasikia habari za mchuuzi mmoja wa ng'ombe, watu wanamwita Patro, yaani bosi, mwenye zizi kwenye barabara ya Sake. Ng'ombe wake wanatelemshwa kutoka vilimani, hapana anayeuliza ni wa nani, wanakaa pale kabla ya kuchinjwa. Nilijua. Kila mtu anajua. Lakini wewe ulisema ng'ombe, na kwingine sikuwaona.

Nilimtayarisha kama kwa siku ya josho. Nilimwogesha, nikamchana, nikamkata kucha. Siagi hatuna, nikampaka mawese, manyoya yakawa mekundu. Wachungaji wa Patro walipomwona walisema, "Hii imeisha kutiwa mafuta, bado sufuria." Patro alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na vijana wawili wenye bunduki nyuma yake. Ni mtu mpole wa sauti. Aliniambia nionyeshe.

Nilipiga mluzi wako.

Nilifikiri atawakusanya wote kwenye kona moja, na hiyo ingetosha. Aliingia kimya. Akasimama katikati. Akainua pua. Kisha akafanya kama siku zile, Papa. Alimtoa ng'ombe mmoja mwekundu, amekonda mpaka mifupa ya nyonga imetokeza. Akarudi, akawatoa wawili wengine. Akawaleta mpaka mbele yangu, akawasimamisha, akatazama nyuma yangu. Alikuwa anakutafuta wewe umwambie ni vizuri.

Alikuwa Bihogo, na binti zake wawili. Sikio lake lile lililopasuliwa na seng'enge. Alininusa mkono.

Wachungaji walipiga makofi. Patro hakupiga. Aliwatazama ng'ombe, akanitazama mimi.

"Dada, hizi ni zenu?"

Kijana mmoja alihamisha bunduki kutoka bega hili kwenda lile. Nilikumbuka watoto wangu wawili kambini.

"Hapana, Patro," nikasema. "Amechagua tu."

"Amechagua muzuri. Kama ameisha kuzitenga, leo tuanze na hizo."

Sikumpa Zamu amri yoyote. Hakuingoja. Alikaa nyuma yao kama ulivyomfundisha, mkia juu, akawapeleka polepole mpaka mlango wa machinjio. Ng'ombe wengine wanavutwa pale kwa kamba, wanapindwa mikia mpaka inavunjika, wanalia. Wetu hawakulia. Bihogo aligeuza kichwa mara moja, akamwona mbwa wake yuko nyuma, akaingia mwenyewe. Patro alisema katika kazi yake yote hajaona kitu kizuri kama hicho. Zamu alilala mlangoni, akawangoja watoke.

Nilimwacha huko. Ningemrudisha wapi? Patro alisema atakula nyama kila siku, na hakudanganya. Juzi nilipita nikamwona. Amenenepa, manyoya yanang'aa kuliko siku yoyote ya josho. Hafungwi kamba. Kila asubuhi anapeleka wengine mlangoni, analala, anangoja, halafu anaitwa kuleta wengine. Wachungaji wanamsifu. Wanasema siku hizi hawatumii fimbo.

Siku ile walinipa mguu mzima wa nyama kwa sababu ya kazi nzuri. Niliubeba kichwani mpaka kambini, na majirani wote walinipongeza. Mama alipika kwa chumvi tu. Alitafuna taratibu, akafunga macho, akasema, "Huyu alikula majani ya juu, ya kwetu. Nyama ya huku chini haiko hivi." Akaomba kipande kingine. Watoto walilamba sahani. Na mimi nilikula, Papa. Nilikuwa na njaa.

Mama hajui. Jioni anakaa nje ya hema, anatazama upande wa Masisi, na kusema, "Saa hii Bihogo anashuka ku maji." Anasema labda amezaa tena. Anasema siku vita itakapoisha, Bihogo atamjua kwa sauti kabla hajafika kwenye ua. Mimi ninamjibu, "Ndiyo, Mama." Ananiambia nijibu kama mtu anayeamini, na mimi ninasema tena, kwa nguvu kidogo.

Nakuahidi nitaendelea kumjibu hivyo, jioni zote atakazoniuliza. Ahadi nyingine sina.

Kwa heri, Papa. Ulipokuwa unakwenda ulimkumbuka mbwa. Huko uliko, unikumbuke na mimi.

Furaha