Tairi za Nyuma

Baba,

Huku tu wazima. Mama anakula kidogo. Kuku wako mwekundu amelalia mayai ndani ya ile tairi mbovu na hakuna aliyemfukuza. Mimi mpaka Jumamosi nilikuwa sijalia, na shangazi alikuwa ameanza kunisema kwa majirani.

Nakuandikia kwa sababu ya lori. Jumamosi lilikataa kuwaka, pale Busia. Tangu tukuzike halikuwahi kusumbua. Nililifikisha sokoni mwenyewe asubuhi, nikashusha mahindi, nikapanda nirudi nyumbani Kirewa, maana ndiyo siku nguo zako zilikuwa zinagawiwa na shangazi alilitaka koti lako la kabini. Nikalivuta kutoka kwenye msumari wake, nikalikunja, nikapiga stata. Injini ikazunguka, ikazunguka, haikushika.

Kaka Okoth alikuwa nami. Unamjua. Tangu matanga anataka kuliuza, na mnunuzi wa vyuma chakavu ameshalikagua mara mbili; siku hiyo naye alikuwa pale sokoni akitungoja. Kaka akasema, "Hii gari imekufa na mwenyewe. Kama haiwaki leo, tunauza." Mama alishasema hana neno. Likienda lori, mimi pale nyumbani nabaki kuchemshia wageni chai.

Basi nikaanza kama ulivyonifundisha, bila haraka. Taa ziliwaka kwa nguvu, honi ililia, stata ilizunguka, kwa hiyo betri haina kosa. Tangi lina dizeli. Nikalegeza nati ya bomba kwenye nozeli, kaka akapiga stata: pakavu. Dizeli inaingia kwenye pampu, haitoki. Nikachukua balbu yako ya nyaya mbili, nikapima waya wa ile valvu inayofungulia dizeli. Hauna moto, balbu haikuwaka.

Nikaufuata waya kwa vidole mpaka ndani ya kabini. Chini ya dashibodi nikakuta utepe mweusi, ncha yake imekunjwa mara mbili, unavyokunja wewe. Waya ukapanda ukutani mpaka pale lilipokuwa koti. Chini ya msumari kulikuwa na swichi ndogo. Nilipolivuta koti, niliizima.

Swichi ya kuzuia wezi. Na mimi sikuijua.

"Athieno, enda uangalie tairi ya nyuma." Ndivyo ulivyoniambia kila tulipoegesha, kila tulipoondoka. Mvua, jua, foleni ya mpakani. Nilishuka, nikazipiga teke moja moja, nikarudi kukwambia ziko sawa. Nilijiona mtu wa maana. Kumbe ulikuwa unanitoa tu ndani ya kabini.

Nimekasirika, Baba. Nasema wazi. Mimi ndiye niliyelala chini ya lori hili kwenye matope ya Lunyo. Mimi ndiye niliyeshika usukani ulipozidiwa njiani kule Mella, nikakufikisha hospitali, nikaizima injini kwa ufunguo tu, ndiyo maana swichi ilibaki imewashwa mpaka Jumamosi. Ulikuwa na siku tatu pale kitandani za kuniambia. Ulisema nisisahau kubadilisha oili.

Kaka alikuwa bado kwenye kiti chako, akauliza kama nimeona kitu. Mkono wangu ulikuwa ukutani, umeifunika swichi. Nikasikia mdomo wangu ukisema, "Kaka, enda uangalie tairi ya nyuma."

Akaenda. Na viatu vyake vya kanisani, akazipiga teke moja moja. Nikaiwasha swichi, nikapiga stata, injini ikashika mara moja. Kutoka nyuma akapaza sauti, "Ziko sawa!"

Hapo ndipo nililia. Nililia mpaka nikashindwa kuona kioo. Kaka akasimama mlangoni akiuliza tatizo lilikuwa nini, nikamwambia ni hewa iliingia kwenye dizeli. Mnunuzi wa vyuma akaondoka na baiskeli yake.

Koti nimelirudisha kwenye msumari. Shangazi na anune, amepata suruali na kofia. Bado sihisi mambo mengi sana, nakula kwa sababu sahani ipo. Lakini usukani nausikia mikononi.

Nakuahidi swichi haitakufa na mimi. Mama nitamwonyesha wiki hii. Kaka naye nitamwonyesha, siku atakapoacha kumpigia simu yule mtu wa vyuma. Mpaka hapo atakagua tairi.

Kwaheri, Baba. Pumzika. Oili nimebadilisha.

Binti yako,
Athieno