Fomu Yako Inafunguka Tena

Ndugu yangu Wekesa,

Fomu yako inafunguka tena. Nimeanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza, kabla hata ya kuuliza kama tumekula.

Nyumbani kwako Mountain View wako salama, Mungu anawashika. Kanisani, kwenye kwaya, sehemu yako ya besi bado iko wazi. Barasa ameomba kuimba, tunamwambia ngoja kwanza. Wimbo ukifika pale ulipokuwa ukishuka chini kama mtu anayechimba kisima, pengo lako linasikika, halafu tunaendelea.

Lakini nilitaka kukuambia ya kazini. Unakumbuka uliponifundisha kuingia kwa rimoti, kutumia kompyuta iliyo mbali? Mimi niko hapa mapokezi ya kliniki, Hurlingham, na kompyuta kubwa yenye majina ya wagonjwa iko ofisi ya mjini, kando ya meza yako. Siku ya kwanza kuiona ikifunguka kwenye kioo changu, nilikupigia simu nikasema kuna mtu ndani ya mashine. Ulicheka! "Mama Sifa, huyo mtu ni wewe. Mikono iko mjini, wewe umekalia kiti Hurlingham."

Basi, tulipotoka tu kukuzika, fomu ya kusajili wagonjwa ikaanza kulala. Nabonyeza, kioo kinaganda kikiwa cheupe. Mama amebeba mtoto anayechemka homa, amesimama mbele yangu, namwambia subiri kidogo, huku moyoni nasali. Wengine walichoka wakaondoka na watoto wao vilevile wagonjwa. Hilo liliniuma. Daktari akasema mwezi ukiisha hivi, fomu itafutwa, tutafutiwe mtambo mwingine. Wekesa, nililia chooni. Ile fomu uliitengeneza jioni baada ya kazi, ukinipigia kuuliza jina la mama likae wapi, juu au chini ya la mtoto. Ingefutwa, ningebaki na nini cha mkono wako?

Kampuni ikamleta Atieno, fundi aliyechukua kazi yako. Ungempenda. Anafanya kama wewe: anagusa kitu kimoja, anaangalia, ndipo anagusa kingine. Intaneti ilikuwa nzima, maana programu zingine kwa rimoti zilifunguka upesi. Akaondoa lile ua, ile picha uliyoipamba nayo fomu kwa juu, akidhani ndiyo inayoilemea. Bado. Akaifungua kwenye kompyuta kubwa yenyewe huko mjini, nako ikaganda vilevile. Akajua shida si njia, ni fomu. Akakagua mipangilio yake, akanipigia.

"Mama Sifa, Mzee ni nani?"

Mzee! Printa yako, uliyoipa jina hilo kwa sababu inakohoa kabla ya kufanya kazi. Fomu uliitengeneza ukiwa umeiunganisha na Mzee, kwa hiyo kila ikifunguliwa inamtafuta kwanza, na asipoitika inakaa tu ikingoja. Na wenzako wa mjini, baada ya mazishi, waliifunika meza yako kwa leso na kuchomoa nyaya zake zote. Ilikuwa heshima. Hakuna aliyetaka kuona taa inawaka na kiti hakina mtu.

Atieno akaondoa leso, akachomeka waya. Nikasikia kwenye simu, khoh, khoh. Mara fomu ikafunguka kwangu, pap! Nikasema haleluya mbele ya wagonjwa, na machozi yakanitoka palepale. Kumbe maskini ilikuwa inakungoja wewe, nami nilikuwa naigombeza.

Halafu akasema haifai kubaki hivyo, Mzee atakufa siku moja na shida itarudi, afadhali aiunganishe fomu na printa ya hapa kwetu. Akaniuliza kama abadilishe, kana kwamba mimi ni wa familia. Nikasema, badilisha, mwanangu. Lakini lile ua ulirudishe.

Akalirudisha. Daktari amekubali fomu ibaki. Kiti chako sasa anakikalia Atieno, na leso nimempelekea mkeo ikiwa imefuliwa.

Lala kwa Bwana, ndugu yangu. Nakuahidi kila mtoto atakayefika hapa ataandikwa kwa fomu yako, upesi, asisimamishwe. Na Jumapili hii nitamwambia Barasa aimbe besi. Hataweza kama wewe. Lakini aimbe.

Dadako,
Mama Sifa