Namba Kumi Asiyetikisa Kikombe

Baba yangu mpenzi,

Nakuandikia waziwazi, watu wasome, kwa sababu wewe mwenyewe mambo ya mpira hukuwahi kuyasema kwa kunong'ona. Nusu ya mji wetu wa Ibra ilijua unavyomuona Hemed, namba kumi wa timu yetu. Jirani yetu Ami Nassor alikuwa akimtetea, nanyi mkikaa jukwaani bega kwa bega, mkila tende za bakuli moja na kugombana.

"Wallahi, ile pasi hata kwa darubini mimi nisingeiona!" akisema Ami Nassor.

"Pasi ipi? Kabla hajaitoa keshazunguka mara tatu. Na huo mguu wa kulia kapewa wa kusimamia tu. Haachii mpira, ya akhi!"

Mimi nikikaa nyuma yenu na Mama, nimetulia kama maji mtungini. Hukujua kwamba mama yake Hemed keshazungumza na Mama, na kwamba mimi nimeshakubali. Ilibaki ruhusa yako tu, na wewe hukumtaka hata kwenye benchi.

Ijumaa waliyokuja kuniposa nilitega sikio na kuchungulia, mimi na Mama, nyuma ya mlango wa majlisi, chumba chetu cha wageni. Watu huuliza habari za dini na kazi. Wewe ukaanza, "Hebu nambie, ile mechi na vijana wa Al Qabil, mwenzako yu peke yake mbele ya goli, kwa nini hukumpa mpira?" Mama akajifunika uso kwa leso.

Hemed akababaika. Kikombe cha kahawa kiko mkononi, na kwetu usipokitikisa unamiminiwa tena. Kijana kazaliwa hapa hapa, kahawa kaijua kabla ya kujua kutembea, lakini siku ile alisahau. Ami Nassor aliyeshika dele la kahawa akamimina, akamimina. Nilihesabu vikombe kumi na kimoja, na jasho linamtiririka maskini.

"Umeona?" ukamwambia Ami Nassor. "Hata kikombe haachii!"

Majlisi nzima ikacheka. Mimi nililia, nikajua mume nimemkosa. Halafu nikasikia sauti yako ya chini, ambayo sikujua kama unayo.

"Binti yangu ni mmoja. Kumpa mtu wa kuachia achia vitu, mimi siwezi. Khalas, tusome Fatiha."

Wiki iliyofuata ulikuwa pale pale jukwaani, unapiga kelele, "Toa mpira, mkwe wangu!"

Sasa goti limemshinda Hemed, Baba. Anakaa mahali pako karibu na Ami Nassor, anamtukana namba kumi mpya kwa maneno yako yale yale. Nacheka mpaka mbavu zinauma, kisha nageuka nikwambie, na hupo. Hapo ndipo ninapoumia.

Kuna jambo hukuliona. Siku ya tatu ya msiba wako, watu wamekwisha kuondoka, Hemed alikuwa bado kakaa majlisini na kikombe. Anamiminiwa, anakunywa, anamiminiwa. Nikamwambia kutoka mlangoni, "Tikisa kikombe, baba watoto. Ami kachoka."

Akaniangalia, macho mekundu.

"Nikikitikisa, Salma, ndiyo Baba keshaondoka."

Ami Nassor akainua dele, akammiminia tena.

Lala salama, Baba. Mkweo bado haachii.

Binti yako mmoja,
Salma