Mhenga Aliye Hai

Dada yangu mkali,

Hujambo? Mimi nimebakiwa na meno ya kutishia uji tu.

Albamu yangu ya nyimbo za zamani inakaribia kutoka. Studio walinifungia kwenye chumba chenye magodoro ukutani, nikaimba hata ule wimbo uliotunga wewe ukitwanga mahindi.

Fundi mitambo akauliza, "Mzee, huu katunga nani?"

Nikajibu, "Wahenga." Nilitaka sifa zibaki kwangu.

Dada, nimekuzika ungali unakula! Usingizi umenikimbia. Leo nimemwambia fundi ukweli. Kasema ataufuta niliouimba mimi, uje uuimbe mwenyewe. Nimekubali, ingawa niliuimba vizuri, we acha tu.

Njoo, mhenga wangu. Ila matusi utakayonitukana yasubiri wazime kinasa sauti.

Kaka yako mdokozi