Mara Kumi na Mbili Zilizobaki

Ukunda, 4 Machi 2025

Mama mdogo Khamisa,

Shikamoo. Naomba barua hii iwakute salama huko Funzi, wewe na Baba mdogo Makame. Mimi mwili mzima. Tangu Baba mdogo akatwe vile vidole viwili vya mguu hupokei simu zangu, ndipo nikampa Adnan wa boti ya watalii akuletee barua.

Nina jambo la kukiri. Siku mlipomleta hospitalini kwetu na jeraha la nanga mguuni, mimi ndiye niliyelisafisha kabla ya kushonwa. Nilitoka moja kwa moja kwa mgonjwa mwenye jipu. Glavu nilibadilisha, mikono sikunawa. Watu walikuwa wengi, na sinki liko nje ya mlango. Siku ya tatu kidonda kikatunga usaha. Siwezi kuapa kwamba ni mikono yangu, wala siwezi kuapa kwamba siyo. Nimeona heri ulisikie kwangu.

Mwanao,
Twaiba

Ukunda, 20 Mei 2025

Mama mdogo,

Shikamoo. Hali zenu? Kidonda kimefunga? Hukunijibu, wala sikulaumu. Naandika ujue ninachofanya.

Nilisimama na daftari zamu nzima kitengo cha dharura. Mara hamsini ilipasa mtu asafishe mikono. Tulisafisha mara kumi na tatu. Hesabu hiyo niliisoma mkutanoni, nikaanza na kosa langu. Daktari Jefwa akasema, "Sista, mtu anakata roho, wewe wataka nitafute sinki?"

Nikamwambia, "Ndiyo maana nataka chupa ya dawa ya mikono kila kitanda."

Wengine walicheka. Muuguzi mkuu Caroline hakucheka, na chupa zilikuja. Wiki ya kwanza zilitumika, ya pili zikasahauliwa. Sasa nawakumbusha mmoja mmoja. Wameniita Bi Nawa. Na waniite, siachi.

Mwanao,
Twaiba

Funzi, 2 Juni 2025

Twaiba,

Marahaba. Sisi wazima, alhamdulillahi, na kidonda kimefunga. Barua yako ya kwanza niliichana. Hii ya pili Makame aliiwahi, akanisomea kwa sauti.

Nilikuwa na hasira na bado ninayo, nisikudanganye. Mtu mzima anajifunza kutembea upya! Lakini yeye amesema, "Walionigusa siku ile ni wangapi? Aliyesema ni mmoja."

Nilimwomba aje awaonyeshe wenzako huo mguu. Amekataa, asema yeye si samaki ng'onda wa kuanikwa watu watazame. Basi nitakuja mimi. Waambie Alhamisi.

Mama yako mdogo,
Khamisa

Ukunda, 30 Agosti 2025

Mama mdogo,

Shikamoo nyingi, na salamu kwa Baba mdogo. Huku afya njema.

Tangu siku ile uliposimama mbele yetu ukauliza, "Nani kati yenu alimgusa mume wangu?" watu hawajasahau. Nami sisahau Daktari Jefwa alivyoinua mkono akasema, "Mimi ndiye niliyemshona, mama." Ulimtazama tu, ukaketi.

Juzi nimehesabu tena. Thelathini na nane kati ya hamsini. Zimebaki kumi na mbili, nazo nazifuata.

Jana aliletwa mtoto aliyeungua kwa uji. Nilimkimbilia. Jefwa akanizuia kwa kiwiko: "Sista, mikono."

Nilikuwa nimesahau, Mama mdogo. Mimi, Bi Nawa! Niliona haya mbele ya watu wote. Nikasafisha mikono, kisha nikamshika mtoto.

Mwanao,
Twaiba